Waya wa mafuta kabla ya kupanda mlima wa Manyara

Barabara ya Arusha kwenda Karatu huanza kwa upole. Inapita Kisongo na Meserani, inakata mbuga za Monduli zenye ng'ombe na vumbi, kisha inafika Makuyuni. Hapo njia zinagawanyika. Anayekwenda Babati na Dodoma anaendelea mbele, anayekwenda Mto wa Mbu, Karatu na Ngorongoro anakunja kulia.

Baada ya tambarare ile kavu, Mto wa Mbu unakuja kama bustani. Mifereji ya maji inashuka kutoka mlimani, mashamba ya mpunga yako kijani, na kando ya lami kina mama wamepanga ndizi za kila aina, zikiwamo nyekundu ambazo watoto wengi wa mjini hawajawahi kuziona. Mbele ya mji umesimama ukuta wa Bonde la Ufa. Barabara ya Karatu inaupanda ukuta huo kwa kona baada ya kona, Ziwa Manyara likibaki chini upande wa kushoto.

Kwa sababu ya mlima huo, Mto wa Mbu una mafundi wengi. Magari ya watalii, malori ya saruji na daladala husimama hapa kuongeza maji, kupoza breki au kukaza boliti. Mengi ya magari ya watalii ni Land Cruiser za dizeli zenye injini ya 1HZ, ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ambayo Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 1990. Haina kompyuta inayosimamia mafuta. Mguu wa dereva na pampu ya dizeli vimeunganishwa na waya.

Alhamisi moja saa nane mchana, waya huo ndio uliosimamisha familia moja iliyokuwa ikirudi Karatu.

Bibi, macho na moshi

Ndani ya gari walikuwamo baba, mama, watoto wawili na bibi mzaa baba. Bibi alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mjini Arusha. Jicho la kulia lilikuwa na kikinga cha plastiki, na mama alikuwa na kichupa cha dawa ya matone iliyotakiwa kuwekwa kwa saa. Maelekezo ya hospitali yalikuwa mafupi: asifikiche jicho, asinyanyue vitu vizito, akae mbali na vumbi na moshi.

Tangu Makuyuni mama alikuwa akisikia injini inaendelea kunguruma hata baba anapotoa mguu. Kwenye tuta la Mto wa Mbu gari lilitaka kwenda lenyewe. Baba aliingiza ncha ya kiatu chini ya pedeli na kuirudisha juu.

"Baba watoto, hili gari halisikii," mama alisema.

"Ni waya mpya, bado mgumu. Utalainika."

"Utalainika tukiwa wapi? Kule juu?"

Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Mwanangu, simama. Mimi sina haraka."

Gari likakunjwa kwenye gereji iliyo chini ya mti, kiasi cha mita chache kutoka lami.

Mpya lakini si wake

Fundi ni mtu mzima wa miaka karibu 60. Baada ya shikamoo na marahaba, jambo la kwanza alilofanya halikuwa kufungua boneti. Alimwomba bibi na watoto wahamie kwenye benchi lililo upande ule upepo unakotoka, mbali na eksozi.

Ana sababu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa siku hiyo moja, moshi huo huo huwasha macho na kifua, na jicho lililotoka kwenye upasuaji halihitaji kuongezewa mzigo.

Kisha akazima injini, akamweka kijana wake kwenye pedeli na yeye akainama kwenye pampu.

"Kanyaga mpaka mwisho. Achia."

Kwenye gari la petroli, waya wa aina hii hufungua mlango wa hewa. Kwenye dizeli kama hii huvuta mkono mdogo wa pampu, na pampu ndiyo inayopima dizeli ya kwenda kwenye nozeli. Pedeli ikikanyagwa yote, mkono unatakiwa ufike kwenye skrubu ya mwisho. Ikiachiwa, springi inaurudisha mpaka kwenye skrubu ya chini, ile inayoshika mwendo wa injini kutulia, ambao mafundi huuita sailensi.

Hapa mkono ulirudi nusu ya safari ukasimama.

Fundi alichomoa ncha ya waya kutoka kwenye mkono, akausukuma mkono kwa kidole. Ukaruka na kurudi wenyewe. "Pampu nzima," alisema. "Mgonjwa ni waya."

Kipimo hicho cha dakika moja kilimwokolea baba fedha nyingi. Fundi mwenye haraka angeweza kushauri pampu ishushwe, au angegusa zile skrubu mbili kuipunguza sauti ya injini. Skrubu ya mwendo wa juu hufungwa kwa lakiri kiwandani kwa sababu maalumu: ikichezewa, injini inaweza kuzunguka kuliko uwezo wake.

Waya wenyewe ulikuwa mpya, unang'aa. Baba aliununua wiki iliyopita baada ya wa zamani kuanza kukatika nyuzi. Muuzaji alimwambia ni wa Land Cruiser, na hakudanganya. Tatizo ni Land Cruiser ipi.

Tanzania inaendesha kushoto na usukani uko kulia. Lakini Burundi, Rwanda, Congo na nchi za Ghuba usukani uko kushoto, na vipuri vingi vinavyouzwa huku hupitia Dubai. Pedeli ikihama upande, safari ya waya mpaka kwenye pampu inabadilika urefu. Waya wa baba ulikuwa na ganda refu kupita kiasi. Ili utoshe, aliyeufunga aliuzungusha kitanzi kikali karibu na ukuta wa injini, akakibana kwa waya wa kufungia uzio. Ndani ya kitanzi hicho nyuzi zilikuwa zinasuguana na ganda.

"Ukiupanda mlima hutaona kitu," fundi alimweleza baba. "Mlimani mguu uko chini muda wote. Utajua siku umetokea kwenye kona, mbele kuna lori limesimama, na wewe unatoa mguu."

Wa zamani ndio kipimo

Baba alikuwa na bahati moja. Waya wa zamani hakuutupa, ulikuwa chini ya kiti. Fundi aliulaza juu ya boksi lililofunguliwa, akaweka pembeni waya uliotumika aliokuwa nao dukani, uliotoka kwenye gari la aina ile ile lenye usukani wa kulia. Akalinganisha vitu vitatu: urefu wa ganda, urefu wa uzi unaotokeza kila upande, na umbo la kichwa kinachoingia kwenye pedeli na kwenye pampu. Vyote vilifanana. Akauvuta uzi huku na huku mara kadhaa, akaupitisha kati ya vidole kutafuta nyuzi zilizokatika. Haukuwa na hata mmoja.

Alitaka shilingi 45,000 pamoja na ufundi. Wakaelewana 40,000.

Kazi yenyewe ilichukua chini ya saa moja. Nati mbili zililegezwa kwenye kishikio cha injini, kichwa cha waya kikatolewa kwenye mkono wa pampu. Kijana akajikunja chini ya dashibodi akakichomoa cha upande wa pedeli, wakafungua boliti za ukuta wa injini na waya ukatoka. Uliotakiwa ukaingia kwa njia ile ile, bila kona kali, mbali na eksozi na betri.

Ulibaki urekebishaji. Fundi aliacha ulegevu wa milimita chache pedeli ikiwa juu, ili waya usiishike pampu wakati hakuna aliyekanyaga. Kisha pedeli ikakanyagwa yote: mkono ulifika kwenye skrubu ya mwisho wakati huo huo pedeli ikigusa kizuizi chake sakafuni. Kizuizi hicho kinabeba uzito wa mguu. Kisipofikiwa, waya ndio unaobeba, na siku si nyingi unakatika. Akahakikisha pia kitufe cha dashibodi cha kupandisha sailensi kimesukumwa mpaka ndani, kwa sababu nacho huvuta mkono ule ule.

Mwisho akalitoa zulia la sakafuni upande wa dereva, akalitupa nyuma. Lilikuwa limepanda juu na kugusa pedeli.

Chupa ya soda

Wakati wakubwa wakitazama boneti, mtoto mdogo alikuwa ameikaribia chupa ya soda yenye kitu cha rangi ya majani makavu. Ilikuwa dizeli ya kuoshea vipuri. Mama aliiwahi.

Fundi aliichukua na kuiweka juu ya kabati. Kwa mzazi aliye gereji na watoto, hatari ya karibu zaidi mara nyingi iko hapo. Mtoto akinywa dizeli, petroli au mafuta ya taa, asitapishwe wala asipewe maziwa ili atapike. Mafuta hayo huumiza zaidi yanapoingia kwenye mapafu, na kutapika huyapeleka huko. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi, apelekwe hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuanza baada ya saa kadhaa. Hatari ni ile ile kwa mtu mzima anayenyonya dizeli kwa mdomo kwa kutumia mpira.

Pedeli ikikwama barabarani

Kabla ya kuondoka, mama ndiye aliyeuliza swali ambalo baba hakuliuliza: ikikwama tena wakiwa kwenye mwendo, wafanye nini?

Fundi alijibu kwa mpangilio. Kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie, usiipampu. Kanyaga klachi, toa gia, acha injini ipige kelele. Toka barabarani, simama, ndipo uzime. Usiuchomoe ufunguo gari likitembea, usukani unaweza kujifunga. Usiharakishe kuzima pia, kwani kwenye dizeli hizi pampu inayozipa breki wepesi huendeshwa na injini. Injini ikizima, breki inabaki na mikanyago michache miepesi, halafu inakuwa nzito.

"Na usiiname kuivuta pedeli kwa mkono," aliongeza, akimtazama baba. "Wala kwa ncha ya kiatu."

Baba alicheka kidogo, akasema ahsante fundi.

Saa kumi kasorobo walianza kupanda. Nyani walikuwa wamekaa kwenye kingo za barabara kama kawaida yao. Kwenye kona ya tatu walikuta lori la vitunguu kutoka Mang'ola limeegeshwa nusu ndani ya njia yao, dereva wake akiweka mawe kwenye tairi. Baba alitoa mguu. Sauti ya injini ikashuka, gari likapungua mwendo, breki ikamalizia.

Mama hakusema kitu. Alitazama saa, akafungua mkoba akatoa kichupa cha dawa. "Ukifika pale pa kutazamia ziwa, simama tena," alisema. "Ni saa ya matone ya bibi."