Mguu Uende Dukani

Katika Majengo ya Nyeri nilimokulia, miaka ya 1970 ikielekea kwisha, mguu wa mtoto ulikwenda dukani ukiwa kijiti. Mama alimsimamisha mtoto sakafuni, kisigino kikigusa ukuta, akaweka kijiti kilichonyooka kando ya mguu na kukivunja pale kidole gumba kilipokoma. Kijiti kilifungwa kwenye pindo la leso pamoja na pesa. Mwenye watoto wengi alitia alama kwa kisu: mkato mmoja wa kifungua mimba, miwili wa anayemfuata, hivyo hivyo mpaka kitinda mimba. Dukani alikitumbukiza kijiti ndani ya kiatu, akakisukuma mpaka mbele, kisha akaangalia kama nafasi iliyobaki kisiginoni inaingia kidole chake. Ikiingia, alilipa.

Wengine walitumia uzi. Bibi yangu hakuuamini uzi. Ukivutwa hurefuka, alisema, na fundo likiteleza kidogo tu mtoto ameongezwa au amepunguzwa namba nzima.

Watu wa vijijini, kutoka Tetu au Mukurweini, walikuwa na sababu ya kumwacha mtoto nyumbani: nauli. Sisi wa Majengo tulikuwa na mji mlangoni, na bado tuliachwa. Wazazi walihofia mtoto kukiona kiatu cha bei kubwa na kukililia mbele za watu. Walihofia pia ile miguu yetu yenyewe, myekundu kwa udongo wa Nyeri, ikanyage zulia la duka. Mtoto wa pekupeku hakukaribishwa vizuri kila mahali, na mama zetu walikuwa na heshima yao ya kulinda.

Kiatu kilinunuliwa mara mbili kwa mwaka ikiwa mambo ni mazuri: Idi na Januari shule zikifunguliwa. Jirani zetu Wakristo walikuwa na Krismasi, ambayo iko karibu na Januari, kwa hiyo jozi moja ilitosha shughuli zote mbili. Idi yetu husogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Ilipoangukia Agosti, mtoto alivaa viatu vya Idi akavimaliza, na Januari ikamkuta mguu umekua. Nakumbuka nilipokuwa tayari mama, Januari ya 1999 na ile ya 2000 zilileta Idi katika mwezi uleule wa kufungua shule, na Majengo nzima ilishukuru. Viatu vyeusi vya ngozi vilivaliwa kwenda kuswali, vikapigwa rangi, vikaenda darasani.

Kwa sababu kiatu kilikuwa adimu, kilinunuliwa kikubwa. Mbele tulijaza karatasi za Taifa Leo zilizofinywa, na kila miezi kadhaa Mama alipunguza karatasi. Siwalaumu hata kidogo. Jozi ilitakiwa kuziona Januari mbili, na mwenye mshahara wa kibarua hawezi kuufuata mguu wa mtoto kila unapokua. Lakini nasema nilichokiona: mguu ndani ya kiatu kikubwa hausimami. Huteleza mbele kwenye mteremko, na Nyeri ni miteremko mitupu. Vidole hujikunja kukishika kiatu kisivuke, kisigino kinachubuka, na mtoto huanza kuburuta miguu. Walimu walituita wavivu wa kutembea.

Kutovaa kabisa nako kulikuwa na adhabu yake. Funza alikuwa ndani ya vumbi la nyumba za udongo. Mdudu huyu si mwenyeji wetu. Alivuka bahari kutoka Amerika Kusini, akashuka Angola mwaka 1872, na kabla karne hiyo haijaisha alikuwa amekwisha kulipita bara mpaka upande wetu. Jioni Bibi alituweka mstari kwenye mwanga wa taa ya mafuta, pini mkononi, akaukagua mguu mmoja mmoja, kati ya vidole na chini ya kucha. Nikitazama nyuma naona kwamba hakuna mtu aliyeijua miguu yetu kama yeye. Alijua nani ana nyayo pana, nani kidole chake cha pili kimekipita gumba, nani mguu wa kushoto umeuzidi wa kulia. Ila ujuzi huo haukufika dukani. Kilichofika ni kijiti, na kijiti kinajua urefu peke yake.

Aliyenifundisha kwamba mguu una vipimo zaidi ya kimoja ni mjomba wangu, fundi wa viatu. Alikaa chini ya upenu si mbali na msikiti, na Januari ndiyo iliyomlisha, kwa sababu wiki ya kwanza ya shule mama walimletea viatu ambavyo kijiti kilivikubali na mguu ukavikataa. Miguu iliyokua pekupeku imepanuka mbele, vidole vimetawanyika, na viatu vya dukani vilikuwa vyembamba. Mjomba alikuwa na dawa mbili. Ya kwanza ni kulowesha ngozi kwa kitambaa cha maji, kukitia kiatu kwenye kalibu ya mti, na kukiacha usiku kucha kinyooke. Ya pili, kama ya kwanza imeshindwa, ni kisu: alikata nusu mwezi pembeni, pale kidole kidogo kinapogusa, akaushonea ukingo uzi wa nailoni usichanike. Shuleni ulimtambua mtoto wa kijiti kwa dirisha lile la pembeni.

Aliposhona kiatu kipya alipima kwa utepe wa karatasi. Aliukata kwenye gazeti, mrefu, wenye upana wa kidole. Aliuzungusha pale mguu ulipo mpana zaidi, akauchana kidogo kwa kucha kuweka alama. Akaupandisha mgongo wa mguu, alama ya pili. Akauzungusha kutoka kisiginoni hadi kwenye kiungo cha mbele, alama ya tatu. Urefu aliuchora kwa penseli iliyosimama wima kwenye kadibodi. Hakuandika tarakimu hata moja. Utepe uliochanwachanwa ulitundikwa msumarini na jina la mtoto, na kila aliyeutazama asingeelewa kitu ila yeye. Kabla ya yote hayo alisema, "Simama, mwanangu. Weka uzito wote chini, miguu yote miwili." Mtoto aliyeketi alimkataa. Mguu usiobeba mwili, alisema, si mguu utakaovaa kiatu.

Alipima miguu yote miwili na kushona kwa ule mkubwa. Na alipendelea alasiri, kwa sababu mguu huvimba mtu akishinda amesimama. Hayo yote niliyakuta baadaye kwenye maelezo ya wataalamu wa miguu, karibu neno kwa neno.

Siku ya kwanza kuona mguu ukipimwa dukani nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Duka moja la viatu mjini lilikuwa na chombo cha chuma: unakanyaga, kisigino kinakaa kwenye kikombe chake, kipande kimoja kinateleza mpaka kidoleni na kingine kinabana ubavuni. Chombo cha namna hiyo kilibuniwa na Charles Brannock, mtoto wa muuza viatu wa Syracuse, jimbo la New York, katika miaka ya 1920. Mfano wa kwanza aliuunda kwa vipande vya mchezo wa watoto wa kuunganisha vyuma. Kinapima urefu wa mguu, upana wake, na umbali kutoka kisiginoni hadi kiungo cha gumba, yaani mambo yaleyale aliyoyatafuta mjomba kwa utepe wa gazeti. Marekani na Uingereza zilifika mbali hata kuweka madukani mashine za eksirei, mtoto akaiona mifupa ya vidole vyake ikicheza ndani ya kiatu. Hatari ya miale ilipoeleweka mashine hizo zikaondolewa. Pennsylvania ilizipiga marufuku mwaka 1957.

Siku ile ya chombo cha chuma Mama aligombana na muuzaji. Mdogo wangu alikuwa amevaa 13 mwaka uliotangulia, sasa anaambiwa namba yake ni 1. "Mtoto anakua au anarudi tumboni?" aliuliza. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akamjibu, "Mama, hesabu ya watoto inaishia 13, halafu inaanza upya." Ndivyo ilivyo katika vipimo vya Kiingereza, ambamo namba moja ni theluthi ya inchi, urefu wa punje ya shayiri kwa desturi yao ya zamani. Vipimo vya bara la Ulaya vinahesabu kwa theluthi mbili za sentimita na haviishii njiani. Mtu wa 13 huko ni wa 32 hivi. Wamarekani nao wana hesabu yao ya watoto, iliyosogea kidogo kando ya Waingereza. Nani angemweleza Mama hayo yote pale kaunta?

Hesabu hizi zote zilitumwagikia kwa pamoja mitumba ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kabla yake, kiatu cha shule kwetu kilikuwa cha kiwanda cha Bata cha Limuru au cha fundi. Toughees kwa aliyejaliwa, Sandak za plastiki kwa wengine, akala za tairi kwa waliobaki. Sasa sokoni Karatina viatu vilimwagwa juu ya turubai kwa malundo, na ndani ya lundo moja ulikuta kiatu cha Uingereza, cha Ujerumani na cha Marekani, kila kimoja na namba yake, nyingine zimefutika. Kijiti kilishindwa. Jozi zilikuwa mojamoja, hakukuwa na kurudisha, na kipana kilikaa juu ya chembamba. Ikabidi mtoto aende mwenyewe.

Naliona hilo kuwa badiliko kubwa kuliko lolote katika habari hii, na halikuletwa na duka la vioo. Lililetwa na turubai. Muuzaji alitandika kadibodi, akamvika mtoto mfuko wa nailoni mguuni ili kiatu kiteleze na soksi isichafuke, akamwambia atembee mpaka kwa muuza ndizi na kurudi. (Mifuko ile ilipopigwa marufuku Agosti 2017, wauzaji walianza kubeba soksi yao kuukuu.) Mama alipiga magoti kwenye vumbi, akabonyeza ncha kwa kidole gumba: kidole cha mtoto kiko wapi? Mamia ya watoto wa rika la wanangu walibonyezwa hivyo, mbele ya watu, bila aibu ya miguu yao.

Kiatu cha mtumba kina kasoro yake: kimekwisha kumjua mtoto mwingine. Mjomba, uzeeni, alinifundisha kukipindua kwanza. Kisigino kilicholika upande mmoja kitampindisha na wako. Ingiza mkono ndani upapase. Kama vidole vya yule wa kwanza vimechimba vishimo, kiweke chini hata kikiwa cha bei ya Bata.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bila karo, madarasa yalijaa na viatu vyeusi vikatafutwa kwa wingi, lakini namna ya kununua haikubadilika sana. Badiliko la namna ya kununua ni la juzi, na ndilo lililonisukuma kuandika. Mpwa wangu ananunua viatu vya watoto wake kwa simu. Picha inatumwa kutoka Nairobi, anaulizwa umri, anajibu "miaka saba", pesa zinakwenda, kifurushi kinakuja na matatu. Simlaumu kwa kukosa nafasi, anafanya kazi mpaka usiku. Ila umri si kipimo. Wanawe wawili hawakuwa na mguu mmoja walipofika miaka saba, na mmoja wao ni mpana kama babu yake. Kijiti kilikuwa na makosa yake, lakini angalau kiliwahi kulala kando ya mguu wenyewe.

Mtoto hatakwambia. Mguu wake una gegedu nyingi pale ambapo mtu mzima ana mfupa, kwa hiyo hukubali kubanwa bila kelele, na kadiri unavyokubali ndivyo unavyopinda. Mwaka 1992 Rao na Joseph, madaktari wa India, walichapisha uchunguzi wao wa watoto 2,300 wa miaka 4 hadi 13: nyayo bapa zilikuwa asilimia 8.6 kwa waliozoea viatu na 2.8 kwa wa pekupeku, na viatu vilivyofunika vidole ndivyo vilivyokuwa vibaya zaidi. Sisemi tuwarudishe kwenye vumbi la funza na vioo vilivyovunjika. Nasema nyumbani, kwenye sakafu safi, waachwe wazi. Na kinachofunika mguu njiani kiwe cha mguu huo.

Tangu kliniki, mtoto wa Kenya hupimwa uzito na urefu, na nambari huandikwa kwenye kitabu chake. Mguu hauna mstari humo. Kwa hiyo, wiki ya mwisho ya Novemba, mimi na akina mama wengine tunakwenda madrasa na kadibodi, penseli na rula. Watoto wanasimama alasiri na soksi zao nene za shule, maana Nyeri ni baridi na soksi hizo zinakula nafasi. Tunachora miguu yote miwili, tunaandika urefu na upana kwa milimita, tunaongeza sentimita moja mbele kwa mwenye kuweza kununua tena katikati ya mwaka, na moja na nusu kwa asiyeweza, si zaidi. Kila mtoto anapewa kadibodi yake iliyokatwa kwa umbo la mguu, aende nayo nyumbani. Mpwa wangu amekwisha kuituma picha ya moja, pamoja na vipimo, kwa yule muuzaji wa Nairobi, na safari hii muuzaji alijibu kwamba namba aliyokuwa ameandaa haingefaa.