Niliongeza Spidi

Nina banda la gemu Mbulu mjini, na kuna kipindi niliwaibia watoto waliokuwa wanakuja kucheza. Sikuwachomolea hela mfukoni. Niliongeza spidi ya mashine bila kuwaambia, ili wafe haraka na walipe tena. Mmoja wao alipohisi na kuniuliza, nilimdanganya mbele ya wenzake. Naandika haya kwa sababu wizi wa aina hii hauachi alama, na mwenye banda asipojisema mwenyewe, hakuna atakayejua.

Banda langu, kama mengi huku kwetu, linaishi kwa gemu ya mpira. Vijana wanalipia dakika, zikiisha wanapisha wengine. Pembeni niliweka kompyuta iliyotumika niliyoinunua Arusha, ikiwa na programu ya kuchezea gemu za mashine za zamani. Mojawapo ni DoDonPachi, iliyotengenezwa na kampuni ya Cave ya Japani na kutoka mwaka 1997. Una ndege chini ya skrini, na kutoka juu zinakuja risasi za waridi na bluu, nyingi mpaka skrini inajaa. Bei yangu ilikuwa shilingi 200 kwa mchezo. Mtu akinipa sarafu, nabonyeza namba 5 kwenye kibodi, na programu inahesabu kwamba sarafu imeingia.

Mwanzoni hakuna aliyeigusa. Walitazama kidogo wakasema, “Anko, hii haichezeki.” Hata mimi niliamini hivyo, mpaka nilipokaa nayo usiku baada ya kufunga.

Gemu za ndege na risasi ni za siku nyingi. Space Invaders ya kampuni ya Taito ilitoka 1978, na humo risasi za adui zilikuwa za kuhesabika. Kufikia 1993, Toaplan walipotoa Batsugun, risasi zilikuwa zinafunika skrini. Toaplan ikafilisika, na baadhi ya watu wake wakaingia Cave, iliyoanzishwa 1994. Hao ndio walioukuza ugumu huu, na waliujenga kwa haki. Kwenye DoDonPachi ndege unayoiona ni kubwa, lakini sehemu inayokufa ikiguswa ni ndogo sana, iko katikati yake. Risasi inaweza kupita juu ya bawa na usife. Risasi nyingi zinakwenda taratibu. Maadui wanatokea palepale, kwa mpangilio uleule, leo na kesho. Ukibonyeza kitufe kwa kugusagusa, risasi zako zinatawanyika. Ukikishikilia unatoa mwali mmoja mzito, na ndege yako inapunguza mwendo ili upenye kwenye nafasi nyembamba.

Kwa hiyo kila unapokufa, sababu ipo na unaweza kuitaja. Ulihama mapema mno, ulijibana kwenye kona, ulimtazama adui badala ya kutazama uwazi ulio mbele yako. Unarudi na sababu hiyo mkononi, na safari hii unavuka. Sijawahi kuona gemu nyingine inayomfundisha mtoto kujisahihisha kwa namna hiyo.

Aliyenionyesha hilo ni kijana wa Basotu, wilaya ya Hanang, aliyekuja likizo kwa shangazi yake. Siku za mnada alikuwa anabeba magunia ya vitunguu saumu, jioni anakuja na sarafu zake. Wenzake walikuwa wanakimbia huku na huku kama wamevamiwa. Yeye alisogea kidogo kidogo. Kuna risasi zinazolenga pale ulipo, akanieleza: “Hizi unaziswaga, Anko, kama ng'ombe. Ukikimbia zinatawanyika, zinakufungia njia. Ukienda polepole upande mmoja zinakufuata zote, halafu unazizunguka.” Nilimtazama akizipeleka risasi zote ukingoni mwa skrini, kisha akakata kurudi katikati palipobaki peupe. Watoto waliojazana nyuma yake walipiga kelele za furaha.

Sarafu moja ikawa inamkalisha karibu nusu saa. Na mimi, badala ya kufurahi kuona mtoto amefika hapo kwa akili yake, nikaanza kupiga hesabu. Nusu saa ya mpira ingenipa zaidi ya shilingi 200. Nikaanza kumwona ni hasara.

Ningeweza kupunguza idadi ya ndege anazopewa mchezaji, lakini hilo lingeonekana. Programu ina mahali pa kubadilisha spidi. Mia kwa mia ndiyo mwendo halali. Usiku mmoja nikaweka 110. Baadaye nikapandisha hadi 115.

Kesho yake baada ya kupandisha, kijana alikufa hatua ya pili, mahali ambapo hakuwa akifia. Akalipa, akafa tena palepale. Akanyamaza, ameinamisha kichwa karibu na spika. Kisha akaniuliza, “Anko, mbona wimbo unakimbia?”

Alikuwa amesikia sawasawa. Ukiongeza spidi, muziki nao unaharakishwa na sauti inapanda. Yeye alikuwa anautumia muziki kama saa: wimbo ukifika mahali fulani, anajua vifaru vinatokea kushoto.

Nilimjibu, “Wimbo ni uleule. Mkono wako umelegea, dogo.” Wenzake wakacheka. Akaitazama mikono yake, akanipa sarafu nyingine. Nikaipokea.

Hela ile ilikuwa ndogo. Kilicho kikubwa ni kwamba nilimfanya mtoto asiyaamini masikio yake, ambayo yalikuwa yanasema kweli, akaniamini mimi niliyekuwa nasema uongo. Wazazi walishawahi kuniuliza kama mashine yangu ni ndugu ya dubwi. Nilikuwa nawajibu kwa kujiamini kwamba dubwi ni kamari, na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 haimruhusu mtoto kucheza kamari. Hapa kwangu hakuna bahati, mtoto analipia kujipima. Jibu hilo lilikuwa kweli mpaka usiku ule. Baada ya hapo nilikuwa mbaya kuliko dubwi, maana anayecheza dubwi anajua kwamba anashindana na mashine ya mtu mwingine. Watoto wangu hawakujua kwamba wanashindana na mimi.

Sisi wa Mbulu tunajua ugumu wa haki ni nini. John Stephen Akhwari ni wa kwetu. Mexico, mwaka 1968, alianguka kwenye marathoni akaumia goti, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamheshimu kwa sababu njia aliyoimaliza ilikuwa ileile ya wote, kilomita 42 na mita 195. Angekuwepo mtu wa kuusogeza mbele mstari wa kumalizia kila alipoukaribia, kisha akamwambia miguu yake ni dhaifu, tungemwita mtu huyo nani? Mimi nilifanya hivyohivyo kwa mtoto mwenye shilingi 200.

Kijana hakurudi. Wengine nao wakaiacha mashine, wakisema gemu imekuwa mbaya. Nilirudisha spidi kwenye 100 na nikanyamaza, na kunyamaza huko nako nakuhesabu ni kosa. Ilinichukua muda mrefu kupata ujasiri wa kwenda Basotu. Nilimkuta na ng'ombe wa mjomba wake, nikamweleza yote, namba kwa namba. Hakunigombeza. Aliuliza, “Ilianza lini?” Nikamwambia. Akawa anarudi nyuma kichwani, anatenganisha alama zilizokuwa za kweli na zilizoharibiwa. Kisha akasema, “Kwa hiyo ile siku niliyoishia hatua ya tatu, ilikuwa tayari inakimbia?” Nikamwambia ndiyo, ilikuwa 110. Nilimpa fedha nilizokadiria kuwa ni zake. Akazihesabu, akazipokea. Sikumwomba aseme amenisamehe, maana hilo si langu kulidai.

Sasa kwenye ile kompyuta asilimia ya spidi inaonekana juu ya skrini muda wote, na nimewafundisha watoto kitufe cha kuiita ikifichwa. Nawaomba wenye mabanda wenzangu wafanye hivyo. Ukiona mchezo haukulipi, pandisha bei mchana kweupe, au iondoe mashine. Usiuguse ugumu wenyewe, kwa sababu huo ndio mali pekee mtoto anayoondoka nayo akitoka bandani kwako.

Baadhi yenu mliocheza kwangu kipindi kile mlihama, mko sekondari au mnatafuta maisha mahali nisipopajua. Hela yenu ipo, njooni mchukue. Na lile nililolisema mbele yenu, kwamba mkono umelegea, lilikuwa uongo wangu. Mlikuwa mnacheza vizuri kuliko nilivyowaruhusu muone.