Ukuta Mmoja, Nyumba Mbili: Safari Yangu ya Kwanza Hayes

Ukitoka uwanja wa ndege wa Heathrow kwa treni ya Elizabeth kwenda katikati ya London, kituo cha kwanza nje ya uwanja ni Hayes & Harlington. Hujakizoea hata kiti, unashuka. Kaka alikuwa akinisubiri kwenye geti, na kwa kuwa begi langu lilikuwa na magurudumu tukaamua kutembea hadi kwake.

Kando ya reli pale yapo majengo ya kilichokuwa kiwanda cha santuri cha kampuni ya Gramophone, baadaye EMI. Kilianza kujengwa mwaka 1907. Ni kampuni hiyo hiyo iliyorekodi sauti ya mwimbaji wa taarab Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Siku hizi majengo hayo yamegeuzwa makazi na ofisi, na pembeni yake yanapanda maghorofa mapya. Kwa mpenzi wa taarab hapo ni mahali pa kusimama, nami nilisimama.

Kisha tukaingia mitaani, na huko ndiko nilikokuwa na hamu nako. Nina kiwanja Chanika, Dar es Salaam, mita 15 kwa 20, na ramani yake ilikuwa kwenye begi nije nimwonyeshe kaka, ambaye amefanya kazi za ujenzi London kwa miaka mingi. Nyumba nyingi za Hayes ni za miaka ya 1930. Zimejengwa mbilimbili, zimeshikana ubavu mmoja kama pacha, na ubavu wa pili umeachwa njia ya kupitisha gari au mapipa ya taka. Nyumba ya kaka haizidi mita 6 kwa upana. Anaishi humo na shemeji, watoto wanne na mama mkwe, na sikuona mtu akimkanyaga mwenzake.

Nilipewa chumba kidogo kuliko vyote, kile kilicho juu ya mlango wa mbele. Ndani yake, pembeni, kuna kibweta cha mbao kinachofika gotini: ni mgongo wa ngazi inayopita chini yake. Kwa kawaida watu hukiona kero. Shemeji alilaza godoro juu yake, akaweka droo mbele, na dirishani akabandika ubao unaokunjwa kuwa meza. Kitanda, kabati na meza ya kusomea, vyote mahali ambapo mimi ningeweka mashine ya kufulia.

Asubuhi kaka akanitembeza. Nyuma amepanua jiko na sehemu ya kulia, mita 3 kuelekea bustanini. Nikamuuliza kwa nini asingechukua bustani yote. Akanieleza kwamba nyumba ya aina yake inaruhusiwa kuongezwa mita 3 nyuma, ghorofa moja, bila kuomba kibali cha mipango miji, ikitimiza masharti. Ukitaka kufika 6, majirani wanaarifiwa kwanza na wana haki ya kupinga. Na majengo yote ya nyongeza, hata banda la bustanini, hayaruhusiwi kula zaidi ya nusu ya ardhi inayozunguka nyumba ya asili. Kwa hiyo mtu anafikiria juu kabla ya kufikiria nyuma.

Juu ndiko alikoshinda. Paa la nyumba kama yake linaruhusiwa kuongezwa hadi mita za ujazo 50, mradi lisipite kilele cha zamani wala kutokeza upande wa barabarani. Humo amepata chumba chenye bafu. Ila nilichokitazama kwa muda mrefu ni ngazi. Ngazi ya kwenda darini imekaa juu kabisa ya ngazi ya zamani, hatua juu ya hatua, na bafu la juu limekaa juu ya bafu la kati, nalo juu ya jiko. Bomba moja la maji machafu linashuka wima. Ngazi ingewekwa kwingine, ingemeza chumba kimoja cha ghorofa ya kati, na kazi yote ya kuongeza chumba ingekuwa bure. Kaka anasema mteja akija kwake na ramani, jambo la kwanza analotafuta ni ngazi, la pili ni choo. Vingine vinajipanga vyenyewe.

Jioni tukaenda kwa jirani, yule anayeshikana naye ukuta. Ni mzee wa Kipunjabi aliyezaliwa Kisumu. Babu yake alikuja na ujenzi wa reli iliyofika ziwani mwaka 1901, naye akahamia Uingereza mwanzoni mwa 1968, wakati Wahindi wengi wa Kenya walipokuwa wakiwahi kabla ya sheria mpya ya uhamiaji. Kiswahili chake bado kipo. Alitumiminia chai ya maziwa yenye iliki, akafungua faili.

Ndani mlikuwa na picha za kila ufa wa kuta zake, zilizopigwa kabla kaka hajaanza kazi ya paa. Uingereza na Wales zina sheria ya mwaka 1996 ya ukuta wa pamoja. Ukitaka kuingiza boriti ya chuma ndani ya ukuta mnaoshirikiana, unampa jirani taarifa ya maandishi miezi miwili kabla. Ukichimba msingi karibu na wake, mwezi mmoja. Asipokubali, wanateuliwa wapimaji wa kuamua, na gharama kwa kawaida ni ya anayejenga.

"Huu ukuta ni wetu wawili," mzee aliniambia. "Yeye akitoboa, mimi lazima nijue. Na mimi nikitoboa, yeye lazima ajue."

Usiku ule nikaitandaza ramani yangu mezani. Ilichorwa kama zinavyochorwa nyingi kwetu: nyumba katikati ya kiwanja, mita 1.5 zimeachwa kila ubavu. Kaka akachukua kalamu. Mita 1.5 mara 20 ni mita za mraba 30. Pande mbili, 60. Kiwanja kizima ni 300, kwa hiyo sehemu moja ya tano inakwenda kwenye vichochoro viwili ambavyo gari halipiti, mtoto hachezi, na kuku ndio wanaofaidi. Halafu korido: mita 1.2 kwa 10, jumla 12. Kwa viwango vya Uingereza vya mwaka 2015, chumba cha kulala watu wawili hakitakiwi kupungua mita za mraba 11.5. Korido yangu ilikuwa chumba.

Akafuta, akaisukuma nyumba hadi mpakani. Upana wa nyumba ukabaki ule ule, lakini vichochoro viwili vikawa njia moja ya mita 3, gari linaingia hadi uani.

Nilisita kwa sababu ya joto. Hayes watu huziba upepo. Dar es Salaam tunautafuta, na nyumba isiyo na madirisha ubavu mmoja inaweza kuwa tanuri. Lakini Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu nyumba zimeshikana tangu zamani, na Lamu wapo waliopitisha chumba juu ya kichochoro, wikio, kuunganisha nyumba mbili bila kuziba njia. Hewa na mwanga waliviteremsha kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Upana wa vyumba vyao ulipimwa na urefu wa boriti ya mkoko, kama mita 3 hivi, na ndani ya upana huo waliishi kwa heshima kubwa. Inaniuma kwamba tumeacha elimu hiyo yetu wenyewe, tukaanza kuchora nyumba ya katikati ya shamba kwenye kiwanja cha mita 15. Tukachora kiwanda kidogo, mita 2 kwa 3, pale korido ilipokuwa, jiko na choo vikaegemezwa ukuta mmoja.

Kibali ni cha halmashauri, na kabla ya halmashauri kuna jirani wa Chanika, ambaye ningeshirikiana naye ukuta wa mpakani na ambaye naye hajaanza kujenga. Nilimpigia kesho yake nikiwa bado Hayes. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza msingi wa ukuta huo atalipa nani. Nikamwambia nusu kwa nusu. Akauliza, je, yeye akija kupandisha ghorofa miaka kumi baadaye? Hilo nikamjibu kwamba tuuchimbe tangu sasa msingi wa kubeba ghorofa pande zote mbili, mhandisi auidhinishe, na makubaliano tuyaandike mbele ya mwanasheria na serikali ya mtaa kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Amesema atazungumza na mkewe.