Fromaji ya Masisi yafika Mulungwishi

Fromaji haikosekani Likasi. Kwenye maduka ya mjini kuna vile vipande vya pembe tatu vya La Vache qui rit, na kuna gouda iliyokatwa tayari na kufungwa ndani ya plastiki, inayoingia kwa malori kupitia Kasumbalesa. Lakini familia za Kivu ya Kaskazini zilizofika upande huu mwaka 2025 hazihesabu vitu hivyo kuwa fromaji. Mama mmoja mkaaji wa Mulungwishi, mzaliwa wa Sake, aliingia maduka matatu kwa siku moja akiuliza swali lile lile.

“Mama, fromaji iko hapa,” muuzaji mmoja alimwonyesha.

“Hapana, baba. Natafuta ya kwetu.”

“Kwenu ni wapi?”

“Goma.”

Alisema Goma kwa sababu ukitaja Sake huku Katanga, watu wengi wanakuuliza ni kijiji gani hicho. Na kwa jambo hili hakukosea sana, kwani fromaji hiyo inatengenezwa katika vilima vya Masisi lakini jina lake kubwa ililipatia Goma. Wa Kinshasa huiita fromaji ya Goma. Wa Goma huiita fromaji ya Masisi. Vitabu huiita jibini, neno ambalo sokoni Goma hakuna anayelitumia.

Kwa wasikilizaji ambao hawajaionja: ni duara kama gurudumu dogo, kilo mbili au tatu, ngozi yake ya manjano na ngumu kidogo, ndani laini yenye vitobo vidogo. Mapadre kutoka Ulaya ndio waliofundisha kazi hiyo katika miaka ya 1970, kwa mfano wa gouda ya Waholanzi. Masisi ilifaa. Malisho yake yako juu, sehemu nyingi zaidi ya mita 2,000, kuna ubaridi, majani hayakauki, na maziwa yalikuwa mengi kuliko yale ambayo barabara mbovu ingeweza kuyafikisha mjini kabla hayajachacha. Maziwa ya asubuhi yanapashwa moto kidogo, yanatiwa dawa ya kugandisha, yanakatwakatwa, maji yanachujwa, kisha yale mazito yanakandamizwa ndani ya kibati. Baadaye yanalala kwenye maji ya chumvi, halafu yanawekwa juu ya mbao na kugeuzwa kila siku. Hakuna umeme. Kuna moto wa kuni, chumvi na uvumilivu. Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza ng'ombe wengi sana wa Masisi, lakini kazi hiyo ilirudi, na magurudumu yakaendelea kushuka Goma juu ya pikipiki, kupitia Mushaki na Sake.

Namna ya kuila haina siri. Unachukua mkate wa asubuhi, unaupasua ubavuni kwa kisu, unaingiza vipande vinene. Mwenye haraka anakula hivyo hivyo na chai. Mwenye nafasi anaongeza avoka, nyanya, kitunguu kidogo na pilipili. Madereva, wanafunzi, watu wa ofisi, wote wa Goma wanaijua. Kitu kimoja tu kinaharibu: kukata fromaji nyembamba kama karatasi. Hapo mtu anakula mkate mtupu wenye harufu.

Mama huyo aliishi kwa biashara hiyo. Kandokando ya barabara pale Sake, alikuwa na meza, beseni la mikate lililofunikwa kitambaa, na gurudumu moja kila siku mbili. Baba mkwe wake, mzee ambaye sasa amepita miaka 70, ndiye aliyekuwa akipanda Mushaki kuzichagua. Hakuna aliyeweza kumuuzia fromaji changa. Aliibonyeza kwa kidole gumba, akainusa upande wa chini, akaigonga kama mtu anayebisha mlango.

Februari 2024 mapigano yalipokaribia Sake, familia ilikimbilia kambi ya Bulengo, pembeni ya Goma. Walikaa humo karibu mwaka mmoja chini ya turubai. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, wao wakavuka ziwa kwenda Bukavu. Katikati ya Februari Bukavu nayo ikaanguka. Wakateremka Uvira, wakapanda mtumbwi mkubwa hadi Kalemie, na kutoka pale malori, siku nyingi, hadi Likasi. Walichagua Mulungwishi kwa sababu moja: mdogo wa mume alikuwa akisoma kwenye chuo kikuu cha Wametodisti kilicho hapa, na alikuwa amepanga nyumba ya vyumba viwili. Mume mwenyewe alibaki njiani kutafuta kazi Kalemie. Hutuma pesa anapopata.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Goma hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,000. Nchi ni ile ile, Kiswahili ni kile kile, kasoro maneno. Watoto walicheka waliposikia bugali ikiitwa bukari. Mzee hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na sasa alikaa mlangoni akiangalia vumbi la malori ya shaba na kobalti yanayopita kati ya Kolwezi na Likasi. Chakula alikula kidogo. Mkamwana wake alimpikia sombe, akampikia lenga-lenga, akatafuta samaki wadogo wakavu wanaofanana na sambaza. Mzee alishukuru kila mara na kuacha nusu ya sahani. Daktari wa kituo cha afya alimpima na kusema hana ugonjwa. Ndipo mama akaanza kuulizia fromaji.

Zamani isingekuwa shida kubwa. Ndege zilitoka Goma kuja Lubumbashi, na abiria wengi walishuka wakiwa wamebeba gurudumu moja au mawili kama zawadi. Goma ilipochukuliwa, uwanja wake wa ndege ulifungwa. Aliyempa mama habari njema ni mwanamke mwingine wa Kivu, mchuuzi wa nguo katika soko la Likasi, ambaye dada yake bado anasafiri. Njia anayotumia inafaa kuelezwa. Anatoka Goma kwa mpaka wa Gisenyi, anavuka Rwanda yote hadi Rusumo, anaingia Tanzania, anaikata hadi Tunduma, anapita Zambia, na kuingia tena Kongo kwa Kasumbalesa. Fromaji inatoka Kongo na kufika Kongo baada ya kupita nchi tatu, na kila mpaka una mtu wa kuuliza kilichomo ndani ya mfuko.

Ilikuwa Oktoba, mwezi wa joto kali huku kwetu, mvua bado haijaanza. Gurudumu lilifika Likasi likitoa jasho. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Sake, na mama alilipa nusu, nusu nyingine akaahidi kumalizia mwisho wa mwezi. Akalifunga ndani ya kitambaa chenye maji, akalipakata kwenye pikipiki hadi Mulungwishi.

Mzee hakuuliza limetoka wapi. Alilibonyeza kwa kidole gumba. Akaligeuza, akanusa. “Hii walikuwa na haraka,” alisema. “Ilihitaji wiki mbili tena juu ya mbao.” Kisha, baada ya kimya: “Lakini ni ya juu. Si ya bondeni.” Mkamwana alileta mkate wa Likasi, ambao kwa haki ni mkavu kuliko ule wa Goma na unavunjika ukiukata, akaingiza vipande viwili vinene na avoka. Mzee alimaliza wote. Akaomba chai.

Tatizo lilitokea kwa mjukuu. Kijana wa miaka 19, aliyeacha shule mwaka wa mwisho kwa sababu ya vita, alisukuma sahani yake.

“Mimi sili.”

“Kwa nini, mwanangu?” mama yake aliuliza.

“Ile kitu imelipa bariyeri kutoka Masisi mpaka Goma. Tunajua bariyeri ni za nani. Pesa yetu, mama, tunawatumia wale waliotufukuza.”

Si maneno ya mtoto. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika ripoti zao jinsi M23 inavyotoza kodi kwenye barabara inazoshika, na bidhaa za shamba hazisamehewi. Kitchanga ilichukuliwa Januari 2023, Masisi-kati Januari 2025. Ni vigumu kuona gurudumu lingepita wapi bila kulipa.

Mzee alijibu polepole. “Mwenye ng'ombe naye yuko kule. Akikosa mnunuzi atakula nini? Mimi nimenunua kwa yule mtu miaka ishirini. Hakunifukuza.”

“Babu, ng'ombe wa wengine walikula maharagwe ya bibi. Ulisahau?”

Hapo nyumba ilinyamaza, kwa sababu kijana alikuwa amegusa mahali penye kidonda. Anayeieleza fromaji ya Masisi kama chakula kitamu tu hajaeleza yote. Malisho yale makubwa yana historia ya ugomvi wa ardhi kati ya wenye mifugo na wenye mashamba, tangu enzi ya Wabelgiji na baada yake, na watu wa vilima hivyo wamezikana kwa sababu ya mipaka ya ardhi. Bibi wa kijana huyo, marehemu sasa, alikuwa mkulima. Mzee alimwoa akijua, na aliendelea kununua fromaji akijua. Kijana ana haki ya kukataa, na wasimwite mkaidi. Mzee naye ana haki ya kula. Mama, aliyekuwa na deni la nusu gurudumu, alikuwa na haki ya kuwaomba wote wawili wapunguze sauti.

Jirani aliyesikia ugomvi kupitia ukuta ni mama wa Mitwaba. Yeye pia alikimbia, miaka mingi mbele yao, wakati Mai-Mai Bakata Katanga walipokuwa wakichoma vijiji katika ile sehemu ya Manono, Mitwaba na Pweto iliyoitwa pembetatu ya kifo. Huku Mulungwishi watu wamemzoea hata wanasahau kwamba alikuja mkimbizi. Asubuhi yake alibisha hodi akiwa na sahani iliyofunikwa.

“Mama, mimi pia niko na fromaji yangu,” alisema.

Ilikuwa kikanda. Wakaaji wa Katanga wanaijua, wageni wa Kivu hawakuijua: viazi vidogo vya ua la porini vinavyochimbwa kwenye dambo, vinakaushwa, vinatwangwa kuwa unga, vinachemshwa pamoja na unga wa karanga, chumvi, pilipili na soda kidogo, mpaka vinashikana kuwa kitu kizito kinachokatwa kwa kisu. Wazambia nao wanaipenda sana, kiasi kwamba viazi hivyo vinatafutwa hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na serikali ya huko imelazimika kufikiria namna ya kulinda maua yenyewe. Nyama haimo hata kidogo, lakini ukiikata inafanana na soseji. Mama wa Mitwaba alipasua mkate, akaingiza vipande vinne, akampa kijana.

Kijana alikula. Aliuliza ni nyama gani, wakacheka wote, hata mzee.

Yale yaliyofuata yalikuwa hesabu. Gurudumu lilikuwa limebaki robo tatu, na deni lilikuwa palepale. Mama aliweka meza ndogo karibu na njia ya wanafunzi, mikate kumi ya kwanza, upande mmoja fromaji, upande mwingine kikanda cha jirani, faida kila mmoja yake. Wanafunzi wa hapa walinunua kikanda, kama ilivyotegemewa. Wachache kutoka Bukavu na Goma walisimama mbele ya fromaji bila kusema kitu, na mmoja alinunua mikate miwili, akala mmoja palepale na mwingine akauweka kwenye mkoba wa vitabu. Kuna aliyelalamika kwamba bei iko juu. Mama alimweleza njia ya Rusumo, Tunduma na Kasumbalesa, naye akalipa. Mchanganyiko wa fromaji na kikanda katika mkate mmoja ulijaribiwa na mwanafunzi mmoja mwenye mchezo. Haufai, kimoja kinakiua kingine.

Deni lilimalizika wiki ya tatu. Maganda yaliyobaki mzee aliyakataza yasitupwe. Aliyatia kwenye sufuria ya maharagwe, kama walivyofanya Sake, na maharagwe hayo kijana aliyala bila swali, ama kwa kutojua ama kwa kujua.

Gurudumu la pili liliagizwa na kufika Likasi baada ya wiki tano. Kijana ndiye aliyetumwa kulichukua, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na mama alikuwa na homa. Alilileta limefungwa vizuri ndani ya koti lake mwenyewe. Mkate wa fromaji bado hajaula. Gurudumu lilikuwa na ufa upande mmoja, labda liliangushwa kwenye mpaka fulani. Mzee aliomba chumvi, akausugua ule ufa kwa kidole, akaliweka juu ya ubao aliokuwa amekwisha kuuosha, akasema lisikatwe kabla ya Jumapili ya pili.