Hesabu ya Ndege Katika Hori ya Mida

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliizoea tangu ujana wangu, maana kwa miaka mingi nalikuwa karani wa mizani katika chama cha wakulima wa korosho, na kalamu ndiyo iliyokuwa jembe langu. Lakini sikufikiri hata siku moja ya kuwa maneno hayo yawahusu pia ndege wa pwani, ambao hawana mwenyewe wala hawauzwi sokoni. Januari iliyopita nalifundishwa jambo hilo, tena kwa aibu. Na aibu hiyo nataka kuwasimulia wasomaji, huenda ikamfaa mtu.

Jirani yangu, mzee mmoja nahodha, alikuja kwangu jioni akaniambia, "Mwanangu, kesho kutwa wale wahesabu ndege watapanda mashua yangu. Wanataka mtu mwenye mwandiko mzuri. Nimewapa jina lako."

Nikacheka nikamwuliza, "Mzee, ndege nao hutozwa kodi siku hizi?"

Akasema, "Njoo uone, kisha ndipo ucheke."

Hori ya Mida iko karibu na Watamu, kusini ya Malindi. Ni mkono wa bahari uingiao nchi kavu kwa mlango mwembamba, kisha ukapanuka ndani kama ziwa, na pande zote umezungukwa na mikoko. Tangu mwaka 1968 bahari ya Watamu imehifadhiwa na serikali. Maji yakipwa, hubaki uwanda mkubwa wa matope na mchanga, na huko ndiko ndege hupata riziki yao ya kaa, chaza na wadudu wa matopeni.

Tulikutana ufuoni saa nne asubuhi. Kiongozi wetu alikuwa binti mmoja aliyesomea elimu ya wanyama, umri sawa na mwanangu wa mwisho. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, Baba," nami nikamwitikia. Akanipa ubao mdogo wenye karatasi za mistari, akanionya neno moja tu: "Tafadhali, Baba, andika lile nitakalosema, usiongeze wala usipunguze." Nilichukizwa kidogo moyoni. Mimi, karani wa miaka mingi, nifundishwe kuandika?

Siku ile ilikuwa ya bamvua, na maji yalianza kujaa kama saa tano. Nilidhani tumechelewa, lakini nahodha alinieleza hekima yake. Maji yakiwa yamepwa, ndege wametawanyika katika uwanda wote, na hakuna awezaye kuwahesabu. Maji yakijaa, huwafukuza kidogo kidogo, hata mwisho wake wote hukusanyika juu ya mafungu machache ya mchanga yasiyofunikwa upesi. Hapo ndipo mwenye kuhesabu hupata nafasi yake, nayo si ndefu.

Tukaenda. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma kwa upole. Tulipokaribia fungu la kwanza, mzee alizima mtambo akashika upondo, mashua ikateleza bila kelele. Binti akainua darubini, akaanza kutaja: "Kulasitara watatu. Yangeyange kumi na mmoja. Sululu ishirini na sita." Nami nikaandika. Nilishangaa kuona jinsi alivyofanya kwa ndege wadogo waliojaa kama siafu. Kwanza alihesabu kumi, mmoja mmoja. Akaangalia kumi wale wamechukua nafasi gani. Kisha akapima kundi lote kwa kumi-kumi, akarudia tena kutoka upande wa pili. Hesabu mbili zisipopatana, alianza upya.

Akanieleza ya kuwa wengi katika wale vitwitwi huzaliwa kaskazini ya mbali sana, Siberia, katika nchi ya barafu, na kila mwaka huruka kuja kwetu kuikimbia baridi. Hufika wamekonda, hula hapa miezi kadhaa hata wakanenepa, kisha hurudi kwao kuzaa. Matope ya Mida kwao ni ghala. Ghala hilo likiharibika, hawana nguvu ya safari.

Katika fungu lile nilimwona pia ndege mmoja niliyemfahamu tangu utotoni bila kumjua: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama wa kunguru. Kazi yake ni kula kaa. Binti alisema ndege huyu huzaa katika pwani za Bahari ya Sham, Ghuba, Oman na Somalia, wala hajengi kiota kama wenzake, bali huchimba shimo mchangani kama panya, akataga humo yai moja jeupe. Wakija kwetu, makinda huendelea kuwafuata wazazi wao wakiomba chakula. Naam, hata sisi tunao watoto wakubwa wa namna hiyo.

Sasa nafika penye aibu yangu. Fungu la pili lilikuwa limejaa ndege hao wala-kaa. Binti alihesabu, nasi tukanyamaza. Alipofika mia moja na themanini, furukombe mmoja akatokea juu ya mikoko, na kundi lote likaruka kwa kishindo, likapotelea upande wa mlango wa hori. Binti akashusha darubini, akasema, "Andika mia moja na themanini, na kando yake uandike: hesabu haikukamilika."

Nilitazama karatasi. Macho yangu yalikuwa yameona wengi kuliko hao, pengine mara mbili. Tena nilikumbuka jambo la nyumbani. Katika mikoko ya Mida limejengwa daraja la mbao ambalo wageni hulipa kupita ili kutazama ndege, na fedha hizo husaidia karo ya watoto wa sekondari wa vijiji vya karibu. Mjukuu wangu ni mmoja wao. Nikajiambia: hesabu ikiwa ndogo, itasemwa Mida haina ndege, wageni hawatakuja, na mtoto atarudi nyumbani. Binti alikuwa amegeuka kutazama upande mwingine. Nikaandika 400, wala kando sikuandika neno.

Usiku ule sikulala vizuri. Nalimkumbuka marehemu baba yangu. Nilipokuwa mtoto tulipeleka magunia ya korosho kwa mnunuzi mmoja, na karani wake akaandika ratili pungufu kuliko zile tulizoziona kwa macho yetu. Baba hakujua kusoma. Mimi nilijua kidogo, nikaona, nikaogopa kusema. Siku hiyo niliapa ya kuwa nikipata kushika kalamu sitaandika uongo. Na katika kazi yangu yote ya mizani nalikitimiza kiapo kile, hata nikaja kukivunja uzeeni, mbele ya ndege.

Asubuhi yake tulikwenda kwenye bwawa la maji ya mvua nyuma ya kijiji kuhesabu bata, maana bata hupenda maji matamu kuliko ya chumvi. Walikuwapo wachache wenye uso mweupe, wale wapigao mluzi usiku. Mkulima mmoja mwenye shamba la mpunga kando ya bwawa alitujia kwa hasira, akauliza, "Mnawahesabu hawa wezi wa mpunga ili kesho mtunyang'anye mashamba?"

Binti hakumkasirikia. Alimwonyesha karatasi, akasema, "Mjomba, hapa hamna jina la shamba lako. Kuna idadi ya bata tu. Ukidai bata wamekula mpunga wako, na mwingine akisema bata hakuna, ni karatasi hii itakayoamua. Ndiyo sababu haina budi kuwa ya kweli."

Maneno yale yalinichoma. Mkulima alipokwisha kwenda, nilimwita kando nikamwambia yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Ahsante, Baba. Ungenyamaza, mwakani tungeona mia mbili, tukalia kuwa nusu wamekufa, kumbe hawakuwako. Au wangekufa kweli kidogo kidogo, na hesabu yako ikawaficha." Akaeleza ya kuwa kwa mapatano ya Ramsar ya mwaka 1971, ambayo Kenya iliingia mwaka 1990, mahali panapokaliwa daima na sehemu moja katika mia ya ndege wote wa aina fulani huhesabiwa kuwa pana maana kwa dunia nzima. Kwa hesabu za namna hii nchi hupimwa. Delta ya Tana ilitiwa katika orodha hiyo mwaka 2012. "Mida," alisema, "haihitaji uongo wetu."

Nikaifuta 400 kwa mstari mmoja, ili ionekane, nikaandika 180, na kando yake: hesabu haikukamilika. Nikatia sahihi yangu chini.

Mzee nahodha, ambaye alikuwa ameketi chini ya mwembe, aliniuliza kama bado nacheka. Nikamjibu, "La, Mzee." Mwaka huu ujao, Mungu akipenda, nitapanda tena mashua yake, na binti amekubali nishike kalamu ile ile. Wenzangu wakulima na makarani, ninyi mwajua jinsi gunia lililopunjwa liumizavyo. Basi na tusilipunje wala kulijaza gunia la mwingine, hata kama mwenyewe ni ndege asiyejua kusoma.