Ngamia wetu wako mtandaoni tayari

Wasee, hapa Wabera maziwa ya ngamia ni ya kila siku, lakini protini wengi wetu tulizikariri za mtihani tu. Sasa sikia: tangu 2022, hifadhidata ya AlphaFold ina maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, za ngamia zikiwemo, bure kabisa. Simu na bando, umefika. Penye bluu kompyuta ina uhakika, penye machungwa inabahatisha.

Na umbo hudokeza kazi. Mwaka 1993 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kuwa baadhi ya kingamwili za ngamia hazina minyororo myepesi. Ndiyo maana ncha yake ni ndogo, inapenya vishimo vya vimeng'enya ambamo za kwetu hukwama. Ngamia, bana!

Lakini tusidanganyane. Kompyuta inakuchorea umbo. Kazi unaikisia kwa kulinganisha na protini zinazojulikana, halafu maabara ndiyo inathibitisha. Hapo ndipo naumia. Kukisia naweza nikiwa kitandani, kuthibitisha mpaka nipande gari hadi Nairobi, tena wakinikubali. Ngamia wako huku. Hiyo maabara mbona isiletwe Isiolo?