Hesabu ya Fungu la Yatima



Aliyekosea hadharani hana budi kukiri hadharani. Kisa hiki kilitufika Shinyalu, Kakamega, tulikokwenda kufundisha madrasa, mbali na pwani yetu. Mzee mmoja wa huko alifariki akaacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Alikuwa ameusia kwamba yatima aliyemlea apewe sawa na fungu la binti yake. Madeni yalipokwisha kulipwa zilibaki shilingi 188,000, nyingi zikiwa za fahali waliouzwa.

Tukaitwa tugawe. Mafungu tuliyahifadhi tangu utotoni: mjane thumni, mwana wa kiume mara mbili ya wa kike. Tukalipima fungu la binti katika mali yote, likawa 32,900. Tukamtengea yatima kiasi hicho, kisha tukawagawia warithi kilichosalia. Binti, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akaitazama karatasi, akasema kwa adabu: “Samahani, Sheikh. Baba alitaka tuwe sawa. Mbona yeye apata 32,900 nami napata 27,142?”

Hatukuwa na jibu. Kila tulipompunguzia yatima, fungu la binti lilipanda, na kipimo chetu kikawa si kipimo tena. Tukaomba muhula wa wiki moja, tukarudi nyumbani kwa haya.

Haya hiyo ilikuwa na mizizi. Tulipokuwa shule ya msingi, siku herufi zilipochanganywa na tarakimu ubaoni, tulipotea. Tukachapwa, tukachekwa, tukakimbilia chuoni ambako hifadhi yetu ilisifiwa. Kwa zaidi ya miaka arobaini tukajiambia kwamba hesabu si riziki yetu, na kwamba elimu ya dini yatosha. Tulisahau kuwa elimu ya mirathi ni hesabu.

Katika wiki ile tulimwendea kijana mmoja mwalimu wa hesabu, aswaliye nasi. Baada ya Isha tukaketi mbele yake na daftari la mirabaa, kama mtoto wa darasa la saba. Ndipo tukakumbuka kwamba hata jina la aljebra latokana na Kiarabu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Maamun, yapata miaka 1,200 iliyopita, aliandika kitabu cha al-jabr na al-muqabala, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Hakutumia alama, alieleza yote kwa maneno, na kile kisichojulikana alikiita shay', yaani kitu. Al-jabr ni kurejesha kilichopungua, na neno hilohilo hutumika kwa kuunga mfupa uliovunjika.

Tukafuata njia yake. Fungu la binti tukaliita kitu. Yatima apewa kitu kimoja. Katika kilichosalia mjane achukua thumni. Thumni saba zilizobaki zagawanywa mafungu matano, mawili kwa kila mwana wa kiume na moja la binti, nalo ndilo kitu. Basi mali iliyopunguzwa kitu kimoja, mara 7, ni sawa na vitu 40. Upande wa kwanza umepungukiwa na vitu 7. Tukaurejeshea, na wa pili tukauongezea vivyo hivyo. Mali yote mara 7 ikawa vitu 47. Kitu kimoja ni 28,000.

Yatima 28,000, binti 28,000, mjane 20,000, wana wa kiume 56,000 kila mmoja. Jumla ni 188,000, haikupungua hata shilingi. Tuliposoma mafungu hayo mbele ya jamaa, tulimshukuru binti kwanza. Lau angenyamaza, shilingi 4,900 za warithi zingepotea kwa ujinga wetu, nasi tungeulizwa kesho mbele ya Mola.

Masomo yetu ya usiku hayakukoma. Twakwenda polepole, na mara nyingi twafuta kuliko tunavyoandika. Enyi wazazi, msimwambie mtoto kwamba hesabu si zake. Nanyi mlioambiwa hivyo zamani, rudini kwenye daftari. Mfupa uliovunjika utotoni waweza kuungwa uzeeni.